Sauti Yangu Ilinitangulia

Mimi ni fundi cherehani, na kama mafundi wengi nina mdomo. Mteja akichelewa kuchukua nguo yake namsema, akija kabla sijamaliza namsema pia. Kwa hiyo siwezi kujifanya sikujua kwamba mdomo huponza kichwa. Nilijua. Nilidhani tu kichwa kitakachoponzwa kitakuwa changu.

Mwanangu ana miaka mitano, na mtaani wanamwita Bosi kwa sababu haitikii salamu ya mtu. Ukimwita mara tatu ndiyo kwanza anakupa mgongo. Jina alipewa na muuza mkaa wa jirani, bila ubaya wowote, likamkaa, na mimi nikawa Mama Bosi. Bosi hasemi. Anapenda zipu. Nikimpa zipu ya suruali ataifungua na kuifunga asubuhi nzima, na mtu akimnyang'anya anapiga kichwa ukutani mpaka majirani wanatoka nje kutazama. Nilizunguka naye hospitali miaka miwili kabla daktari mmoja hajanipa neno, usonji, na neno lenyewe nilitoka nalo nisijue nilifanyie nini.

Ile sauti iliyokuja kunitangulia niliirekodi kabla ya kupewa neno hilo, siku moja mbaya. Bosi alikuwa amemng'ata mteja mkononi, na yule mteja aliondoka akisema mtoto asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nilifunga mlango, nikakaa sakafuni chini ya meza ya kukatia, nikamtumia mdogo wangu wa kike ujumbe wa sauti wa dakika mbili huku nalia. Nilisema: "Mwanangu alikuwa anasema. Alisema mama, alisema maji. Nikampeleka kliniki kwa miguu yangu mwenyewe, ana miezi kumi na minane, wakamdunga sindano ya surua, na tangu siku ile hajaniita tena. Mama anajua. Hata wasemeje, mama anajua."

Hivyo ndivyo nilivyoamini, na sikukusudia kumdanganya mtu. Mdogo wangu kwa kunihurumia akaituma kwenye grupu la akina mama wa mtaani, akaandika chini yake, "Mwombeeni dada yangu." Waliomba wangapi sijui. Walioituma mbele ndio walikuwa wengi. Baada ya wiki mbili alikuja mteja kutoka upande wa pili wa mji, mtu ambaye sijawahi kumwona, nikamwambia anyooshe mkono nimpime, akaniangalia usoni.

"Samahani, dada. Si wewe yule mama wa sindano?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilizunguka mji mzima na haikuchoka. Wanawake walianza kuja na watoto wao kumtazama Bosi. Walisimama mlangoni, wakatikisa vichwa, wakaniambia pole, wakaondoka bila kushona hata foronya. Na mimi, niseme ukweli, mwanzoni nilipenda. Miaka yote hiyo watu waliniona mama asiyejua kulea. Sasa nilikuwa mama aliyeonewa, na mwenye kuonewa hupewa kiti.

Kilichonigeuza si daktari wala muuguzi. Ni kitabu changu cha vipimo.

Kila fundi ana kitabu chake. Changu ni daftari la jalada gumu, kila mteja na ukurasa wake: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Alirudi bibi harusi mmoja wa zamani, anataka gauni la kuendea harusi ya mwenzake, na aliapa kwamba hajanenepa. Nikafungua daftari la miaka ile nimwonyeshe kwa maandishi yangu jinsi alivyokuwa mwembamba. Ukurasa wake nikaupata. Pembeni ya kiuno chake nilikuwa nimeandika kwa kalamu ileile: "Leo Bosi kasema maji."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Wakati ule nilikuwa nashona na mtoto mgongoni, na karatasi nyingine sikuwa nayo. Nikaendelea kufungua. Kwenye ukurasa wa mama mmoja wa sare za kwaya: "Kaniita mama, mara mbili." Mbele kidogo: "Wiki ya tatu hasemi maji. Labda meno." Mbele tena, kwenye shati la mwalimu: "Namwita hageuki. Masikio?" Na kila ukurasa una tarehe, kwa sababu wateja ni wabishi na nimejifunza kuandika tarehe. "Labda meno" iliandikwa mwezi wa nne. Nikatoa kadi ya kliniki kwenye mkebe wa vifungo, nikaiweka juu ya daftari. Ile sindano alidungwa mwezi wa saba.

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Tano, sita, saba. Bibi harusi alisimama na tepu shingoni akiniuliza kama nimeona sasa kwamba hajanenepa. Nikamwambia ndiyo, hajanenepa.

Sasa mdogo wangu alikuwa na mtoto, msichana wa miezi kumi, mnene, mcheshi, anayecheka hata na paka. Tulimwita Pipi. Pipi hakuwa amechanjwa chochote tangu watoke hospitali alikozaliwa, na sababu ni mimi. Na surua ilikuwa imeingia mjini. Mitaa miwili kutoka kwetu walikuwa wamelaza watoto wanne, na kwa muuza mkaa habari zilisema mmoja wao hakurudi.

Nikachukua daftari na kadi, nikamshika Bosi mkono, nikaenda kwa mdogo wangu. Alikuwa anakunja nguo za watu, maana kazi yake ni dobi. Nilimwonyesha kurasa zote, moja baada ya nyingine. Alisoma taratibu, kidole juu ya mstari, halafu akalifunga na kunirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Dada, vipimo vyako navijua, huwa hukosei," alisema. "Lakini haya ni maandishi ya mtu mwenye kazi nyingi. Unaandika hasemi, kesho kasema hukuandika."

"Mimi ndiye mama yake. Nakwambia nilikosea."

Alichukua simu yake juu ya lundo la shuka. Hakuhitaji hata kuitafuta ile sauti, ilikuwa karibu. Nikajisikia nikilia. Mama anajua, hata wasemeje, mama anajua.

"Sasa nimwamini dada yupi?" aliniuliza. "Huyu anayelia, au wewe wa daftari?"

"Mwamini mimi niliye mbele yako. Surua inaua, mdogo wangu. Kwa nini unanifanyia ukaidi?"

"Si ukaidi." Alianza kulia yeye sasa. "Nimekuona wewe miaka yote hii. Nimekuona unakula umesimama. Nimekuona unamfunga kanga kiunoni asikimbie barabarani. Mimi si wewe, dada. Nikimpata kama Bosi nitakufa."

Bosi alikuwa amekaa kwenye kona, amepata mfuko wa koti la mteja wenye zipu, ametulia kabisa. Hasira ilinipanda. Kwa hiyo mwanangu ndiye aliye kinyume cha kaburi. Wanamweka kwenye mizani, upande huu kifo, upande huu Bosi, na wanafikiria kwanza. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikakumbuka kwamba mizani yenyewe niliitengeneza mimi chini ya meza ya kukatia.

"Shemeji anasemaje?" niliuliza tu. Mumewe ni dereva wa lori la masafa, anapita nyumbani mara moja kwa mwezi.

"Shemeji yako anajua," akasema, akarudi kwenye kukunja.

Kesho yake nilikwenda kliniki peke yangu. Muuguzi wa chanjo alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, na nilipomsalimu tu, kabla sijasema shida yangu, aliivua ile miwani.

"Naijua sauti yako kuliko ya mume wangu," alisema. "Kila mama ninayemuuliza kwa nini hakuja ananichezea wewe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya, maana kugombana ni kazi ninayoiweza. Alinionyesha mabenchi. Yalikuwa manne marefu, na akina mama walikuwa watatu. Nilimweleza habari ya daftari, nikamweleza habari ya Pipi, nikamuuliza kama naweza kumleta mimi.

"Mama yake asiporidhia siwezi. Na wewe si mama yake." Kisha akafikiri. "Lakini walikuamini mara moja. Rekodi nyingine. Waambie kama ulivyoniambia mimi."

Nilirudi nikazima cherehani, nikafunga mlango, nikarekodi. Na hapa ndipo nilipofanya ujinga wa watu wa kizazi changu, tunaorekodi kwa kidole gumba. Nilianza na mwanzo, kwa sababu mwenye kusimulia huanza na mwanzo. Nikasema: "Mimi ndiye Mama Bosi, yule mliyemsikia. Nilisema kwamba mwanangu alikuwa anasema, alidungwa sindano ya surua, na tangu siku ile hajaniita tena. Ni mimi kweli, si mtu mwingine." Hapo Bosi akanivuta mkono, kidole kikachomoka, ujumbe ukaenda kwenye grupu. Sikujali. Nikarekodi wa pili, dakika nne nzima, nikaeleza daftari, tarehe, mwezi wa nne na mwezi wa saba, nikaomba msamaha, nikawasihi wapeleke watoto. Wa pili ulikuwa mzuri mno. Nililia hata mle.

Jioni mteja alinitumia ule wa kwanza, umemfikia kutoka kwa dada yake aliye mji mwingine. Juu yake mtu ameandika kwa herufi kubwa: MAMA BOSI AJITOKEZA TENA, ATHIBITISHA. Wa pili haukunirudia kutoka popote. Dakika nne ni nyingi, watu wana kazi.

Nilituma wa tatu. Nilituma wa nne, mfupi, wenye hasira. Huo ulisikilizwa, na majibu yalikuja upesi. Wamemnunua. Wamemtisha. Msikilizeni, hata sauti si yake. Mwanamke mmoja ambaye nilimshonea nguo ya ubatizo ya mwanawe aliandika kwamba njaa mbaya, hakumlaumu. Nilipokosea niliitwa shujaa, niliposema kweli nikaitwa msaliti. Basi, maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nayachota kwa vidole.

Siku iliyofuata mdogo wangu alipata kazi ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni, akaniachia Pipi kutwa. Nilimwogesha, nikamlisha, nikambeba mgongoni. Saa nne hivi nilijikuta nimefunga duka, nimemshika Bosi mkono, natembea kuelekea kliniki. Nilikuwa na mpango. Ningesema mtoto ni wangu na kadi imepotea. Muuguzi alinijua, lakini siku hiyo zamu haikuwa yake, nilikuwa nimeuliza.

Nilifika getini, nikasimama. Mabenchi niliyaona, bado yalikuwa na nafasi. Pipi alikuwa ananichezea sikio na kuimba wimbo wake usio na maneno. Niliwaza kwamba mtoto wa mdogo wako si wako, hata ukimbeba namna gani. Niliwaza kwamba sindano huleta homa kidogo usiku, na mdogo wangu akiiona ile homa hataongea nami mpaka tuzikane. Hizo ni sababu nzuri, na nimezitoa kila nilipojiuliza. Lakini ilikuwepo nyingine ndogo chini yao. Je, kama daftari limekosea? Je, kama Pipi naye kesho asigeuke nikimwita? Mimi niliyehesabu miezi kwa vidole, mimi mwenye kadi na tarehe, niliisikia ile sauti yangu ya chini ya meza, na iliniogopesha kama ilivyowaogopesha wengine.

Nikarudi. Nilimpikia Pipi uji, akaumaliza wote.

Siku ya kumi na moja tangu nigeukie getini, Pipi alianza mafua. Ya kumi na mbili macho yakawa mekundu na joto likapanda. Ya kumi na tano vipele vilianzia nyuma ya masikio, vikashuka usoni, vikashuka kifuani, na mdogo wangu alikuja mbio dukani kwangu na mtoto amefungwa kwenye shuka la mteja. Tulilazwa wodi ya watoto, vitanda vimejaa, wengine wawili kwa kimoja. Surua ilimwingia kifuani kwanza, halafu ikapanda masikioni, usaha ukawa unatoka pande zote mbili. Wiki mbili na nusu tulipokezana, mimi mchana na yeye usiku. Bosi nilimwacha kwa muuza mkaa na kilo nzima ya zipu.

Wodini hakuna aliyemlaumu mwenzake. Mdogo wangu hakuniambia neno, wala mimi sikumwambia nilikuonya. Kuna usiku alinishika mkono wakati wa kupokezana akasema, "Dada, asife tu. Akiwa vyovyote sawa, asife tu." Nilimwelewa. Alikuwa amehama upande wa mizani, na mimi sikuona raha yoyote.

Pipi hakufa. Alitoka amekonda, shingo kama ya kifaranga, lakini anacheka. Tulimshukuru Mungu, tukamshukuru kila mtu aliyevaa koti jeupe, hata mfagiaji.

Ilikuwa wiki ya pili nyumbani, mdogo wangu anapika, mfuniko wa sufuria ukamponyoka ukaanguka kwenye saruji nyuma ya mtoto. Mimi niliruka. Bosi aliziba masikio. Pipi aliendelea kuchezea kijiko chake. Mdogo wangu aliuokota mfuniko, akaupiga chini tena, safari hii kwa kusudi. Kisha tena. Nilimnyang'anya.

Daktari wa masikio alitumia mashine na muda mrefu, lakini jibu lilikuwa fupi. Sikio la kushoto hakuna kitu. La kulia kidogo sana, labda sauti ya lori likiwa karibu. Ni surua, alisema, huwa inafanya hivyo. Hakuuliza kama alichanjwa. Nadhani alikuwa ameacha kuuliza.

Njiani kurudi mdogo wangu alinivuta chini ya kibaraza cha duka lililofungwa.

"Dada, nataka nikwambie kitu, na usinigombeze."

"Sikugombezi."

"Baba Pipi alipoondoka safari ile, aliniachia neno moja tu. Mpeleke mtoto kliniki. Kila akipiga simu ananiuliza. Nilimwambia alishachanjwa zamani." Alikuwa hanitazami. "Nilimwambia alichanjwa yote. Akijua ataniacha, dada. Na akiniacha, nitakwenda wapi na mtoto wa hivi? Usimwambie. Usimwambie mtu yeyote."

Nikamwambia sawa. Ungekuwa wewe ungesemaje? Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni kabla sijajua kushona. Sikujua wakati ule nakubali nini.

Siku hizi anakuja dukani kwangu mchana, anapiga pasi nguo nilizomaliza, na Pipi anakaa kwenye mkeka karibu na Bosi. Watoto wawili, hakuna anayegeuka ukimwita. Mtaani waliangalia wakajumlisha wenyewe. Ukoo ule, watoto wawili, sindano ileile. Hakuna aliyetuuliza, mpaka wiki iliyopita.

Alikuja mama kijana kujaribu gauni, na mvulana wa miezi tisa mgongoni, macho makubwa. Nilimsimamisha mbele ya kioo, nikampokea mtoto nikamkalisha mkekani, nikaanza kubana kiuno cha gauni. Nilikuwa na pini nne mdomoni. Akamtazama Bosi kwenye kioo, akamtazama Pipi, akamgeukia mdogo wangu.

"Na huyu naye alidungwa?"

Pasi ilisimama. Mdogo wangu alinitazama mimi, si yeye. Sijawahi kuona macho yakiomba namna ile, hata wodini.

"Ndiyo," akasema. "Alidungwa."

"Mungu wangu." Yule mama alimwinua mwanawe mkekani, akamkumbatia. "Na huyu siku yake ni kesho. Nilikuwa nimeshafua hata nguo ya kwendea." Halafu akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye sauti, mimi ndiye anayetembea naye kwenye simu yake. "Ni kweli, Mama Bosi? Nisimpeleke?"

Pini ni kitu cha kutema tu. Zinatoka kwa sekunde moja. Nilizishikilia kwa meno, na yule mtoto wa macho makubwa alikuwa amenyoosha mkono anataka tepu iliyoning'inia shingoni mwangu.

Nikamwashiria mama yake ageuke, nimalizie upande wa mgongo.